Sura ya Tano: Hodi Kabla ya Bei

Saa kumi na moja alfajiri, kabla muadhini hajamaliza, simu yangu ilianza kutetemeka juu ya meza na haikuacha. Nikadhani kuna msiba. Kwetu simu ya saa hiyo aghalabu haileti habari njema. Nilipoishika nikakuta nimeingizwa kwenye grupu la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia mbili, wengi wao nisiowajua. Picha za nguo za watoto zilikuwa zikishuka moja baada ya nyingine: magauni, fulana, viatu vya sikukuu. Wengine walishaanza kuuliza, "Nani kaniingiza humu?" Mmoja akatoka. Akafuatiwa na wa pili, wa tatu, na kufikia saa moja asubuhi nusu ya watu walikuwa wameondoka.

Aliyetuingiza nilimfahamu. Ni dada mmoja mwenye duka dogo Kariakoo, Dar es Salaam. Miezi miwili kabla ya siku hiyo nilinunua kwake gauni la binti yangu. Nguo ilikuwa nzuri na bei ilikuwa ya haki. Namba yangu aliipata siku ile nilipomlipa kwa simu. Sikumpa ili anitafute. Iliambatana na fedha tu, na kwangu mimi kazi yake iliisha pale muamala ulipokamilika.

Dada huyu si tapeli. Anaamka mapema, anachagua mzigo kwa macho yake mwenyewe, na kasoro akiiona anakuonyesha. Alichokosa asubuhi ile ni kubisha hodi. Kwa kosa hilo moja akawapoteza watu aliowapata mmoja mmoja, kwa jasho, kwa miaka. Wafanyabiashara waadilifu kama yeye ndio ninaowaandikia sura hii, maana wao ndio wenye cha kupoteza.

Muuza kahawa haingii ndani

Nimekulia Tanga. Jioni ikiingia, muuza kahawa alipita mtaani na dele lake juu ya mkaa, mkono mmoja umeshika mzigo, wa pili umeshika vikombe viwili akivigonganisha. Hakuita jina la mtu wala hakusukuma mlango. Mlio wa vikombe ulitosha. Mwenye hamu alitoka barazani, akaketi, akanywa na kashata yake; asiye na hamu aliendelea na shughuli zake. Kesho yake muuza kahawa alipita tena, na hakuna aliyemnunia.

Aliyekuwa na haja ya kuingia ndani, awe fundi, jirani au mleta samaki, alibisha hodi. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya tatu isipoitikiwa, unageuka na kwenda zako. Mtoto wa miaka sita alilijua hilo.

Mitandao ya kijamii nayo ina mtaa na ina ndani. Ukurasa wako wa Instagram, Facebook au TikTok uko mtaani; gonga vikombe vyako utakavyo. Stetasi ya WhatsApp ni mlio wa vikombe hasa: inakaa saa 24, anayetaka anaifungua, asiyetaka anapita. Lakini inboksi ya mtu ni ndani. Grupu la ukoo ni ndani. Sehemu ya maoni chini ya picha ya harusi ya mtu ni ndani kwake pia, hata kama dunia nzima inaiona, kwa sababu waliokuja pale wamekuja kumpongeza bwana harusi. Makosa mengi ya matangazo ninayoyaona yana chanzo kimoja: mfanyabiashara ameingia ndani kwa mtu akidhani bado yuko mtaani.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tazama chini ya picha ya msanii yeyote maarufu: matangazo ya mikopo ya haraka, dawa za kupunguza unene, waganga, viatu. Huenda viatu vile ni imara. Lakini vimewekwa katikati ya waganga na wakopeshaji, na msomaji anavihesabu kuwa sehemu ya kundi hilo. Mahali unapotangaza panasema mengi kuhusu bidhaa yako kabla hujaieleza.

Namba ya mteja ni amana

Katika nchi zetu fedha nyingi za biashara ndogo hupita kwenye simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania mwaka uliofuata, na tangu hapo muuzaji amezoea kubaki na namba na jina la kila anayemlipa. Ni hazina inayovutia. Lakini hazina hiyo si yako. Umeachiwa kwa kazi moja, nayo ni kupokea malipo na kumfikishia mtu mzigo wake.

Sheria sasa zinasema hivyo hivyo. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na Tume yake ya kuisimamia. Msingi wa sheria hizi unaeleweka bila wakili: taarifa uliyoichukua kwa jambo moja usiitumie kwa jambo jingine, na mtu akikutaka uache kumtumia matangazo, acha. Kabla ya hapo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 ilikwisha kugusa ujumbe usioombwa. Mwenye duka la chumba kimoja anaweza kudhani sheria hizi ni za mabenki na kampuni za simu. Daftari lenye namba za wateja lililo chini ya meza yake nalo lina taarifa binafsi.

Hata WhatsApp yenyewe imetengenezewa mlango. Ujumbe unaotumwa kwa orodha ya matangazo humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Tangu mwaka 2019 mtumiaji anaweza pia kuchagua nani aruhusiwe kumwingiza kwenye grupu. Na watu wengi wakikublok na kukuripoti, namba yako inaweza kufungiwa, pamoja na mazungumzo yako yote ya biashara. Nimeona mfanyabiashara akilia kwa ajili ya namba aliyoitumia miaka sita, iliyochorwa ukutani dukani na kuchapwa kwenye mifuko.

Basi hodi inabishwaje? Mteja akishapokea mzigo wake na kuridhika, mwandikie yeye peke yake:

"Habari za mchana, dada. Nashukuru kwa kununua kwetu. Mzigo mpya ukiingia, ungependa nikujulishe? Huwa natuma mara moja kwa mwezi. Ukipenda, hifadhi namba hii na unijibu ndiyo. Usipopenda, usijali, sitakusumbua."

Kisha subiri. Akijibu ndiyo, umepata mtu ambaye orodha yako itamfikia. Akinyamaza, amekwisha kujibu. Ahadi ya mara moja kwa mwezi nayo ibaki mara moja kwa mwezi, tena saa ambazo mtu mwenye adabu angeweza kwenda nyumbani kwa mtu: kumekucha, hakujawa usiku sana.

Uchague pia namna ya kuita. Siku hizi wauzaji wengi wanamwita kila anayeuliza bei "mpenzi" au "kipenzi". Upande wa pili wa simu anaweza kuwa bibi wa miaka sabini anayemtafutia mjukuu wake sare, au mume wa mtu, na mkewe yuko pembeni anasoma. Lugha yetu ina dada, kaka, mama, baba, na shikamoo kwa anayestahili. Usipomjua, "mteja wetu" inatosha. Heshima hiyo haina gharama, na anayeipata anaikumbuka.

"Bei njoo inboksi"

Hakuna sentensi inayowakera wanunuzi wa mtandaoni kuliko hii. Picha ni nzuri, gauni limemkaa vizuri aliyelivaa, watu thelathini wameuliza "bei gani?" na wote wamejibiwa "njoo inboksi".

Nimewauliza wauzaji kwa nini wanafanya hivyo, na sababu zao zina maana. Wengine wanaogopa mwenzao wa duka la jirani asione bei akapunguza mia tano. Wengine wanaamini kwamba maswali yakiwa mengi ukurasa utapandishwa juu. Wengine wanataka nafasi ya kuongea na mteja, kumweleza ubora, kupatana. Lakini tazama upande wa mnunuzi. Anajua kwamba akiingia inboksi utafungua ukurasa wake, utaona picha zake, labda yuko kwenye gari, labda yuko hotelini Zanzibar, na anashuku kwamba bei yake itatokana na picha hizo. Shaka hiyo inamfukuza mtu mwenye fedha, na inamfukuza mapema zaidi mwenye fedha kidogo, ambaye anaona aibu kuuliza kisha kushindwa.

Dukani Kariakoo tunapatana bei na hakuna ubaya. Pale mnatazamana. Mnunuzi anashika kitambaa, anakikunja, anakinusa, anatoka nje kidogo ili aitwe arudi. Ana macho, mikono na miguu ya kumlinda. Mtandaoni amevuliwa vyote hivyo na kubakiwa na neno lako tu. Kwa hiyo neno lako lazima libebe zaidi ya lile la dukani.

Andika bei. Kama inapungua, andika "maongezi yapo", kama wafanyavyo wauza viwanja na magari. Andika vipimo, rangi zilizobaki, duka liko wapi, kutuma kwa bodaboda mjini ni kiasi gani na kwa basi kwenda mikoani ni kiasi gani. Andika pia nani anabeba hasara mzigo ukifika umeharibika. Mambo hayo yakiwa wazi, anayekuja inboksi anakuja kununua, nawe unaokoa saa nzima ya kujibu swali lile lile.

Na picha iwe yako. Kuna picha za magauni na sofa zinazozunguka kwenye kurasa mamia, zote zimetolewa kwa kiwanda kimoja cha mbali. Aliyelipia anapokea kitambaa chepesi kinachoonyesha mwanga upande wa pili, na kuanzia siku hiyo hamwamini yeyote, wala wewe uliye mkweli. Piga picha mwenyewe mchana, mbele ya ukuta wa duka lako. Kama ni mtumba wenye doa kwenye kola, doa lionekane. Tanzania ina Sheria ya Ushindani tangu mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, lakini mimi nataka ufanye hivyo kwa sababu nyingine: yule mtu katuma fedha zake kwa mgeni, kwa imani tupu. Imani ya namna hiyo ni zawadi, na kuisaliti ni dhambi hata kama kitu chenyewe kina thamani ya shilingi elfu nane.

Usimwanike mtu

Mwezi Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya alitangaza adhabu tatu kwa pamoja. Klabu moja ya starehe Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja wake bila ridhaa. Shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Mkopeshaji mmoja wa mtandaoni alitozwa shilingi 2,975,000 kwa namna alivyotumia majina na namba za watu katika kudai madeni.

Ukizitazama adhabu hizo tatu pamoja, utaona kosa ni moja: mtu ameanikwa. Wa klabu alikuwa amekwenda kustarehe, na huenda hakutaka mwajiri au mkwe amwone. Mzazi wa mtoto wa shule hakuulizwa. Na wale wa mkopeshaji, majina na namba zao zilitumiwa bila wao kuulizwa.

Wafanyabiashara wadogo wanaanika watu kila siku bila kujua wanafanya nini. Msusi anapiga picha ya kichwa cha mteja akiwa bado amekaa kitini. Muuza vipodozi anaonyesha chunusi za binti wa watu, kabla na baada. Muuza nguo aliyechoshwa na mteja anayeagiza na kutolipa anapiga picha ya mazungumzo yao na kuiweka kwenye stetasi, jina na namba vikionekana, na chini ameandika "wateja wa hivi wanachosha". Naelewa hasira yake. Amemwekea mtu mzigo siku nne, amemkatalia mwingine. Lakini wale wateja wake wengine mia moja wanaosoma stetasi ile hawamwazii yule aliyekosa. Kila mmoja anajiuliza, "Siku nikichelewa kulipa mimi, ataniweka hapa?"

Uliza kabla ya kupiga picha. Uliza tena kabla ya kuiweka. Picha ya mtoto mwombe mzazi. Mwenye shukrani aliyekuandikia maneno mazuri, futa jina na namba yake kabla hujayaonyesha. Na anayekusumbua, mwache aende kimya kimya. Andika utaratibu wako wazi, kwamba mzigo unawekwa kwa nusu ya malipo, nawe umejikinga bila kumtaja mtu.

Biashara haigombi

Mteja akilalamika hadharani, mkono kwanza unakimbilia kitufe cha kufuta. Usifute. Walioona wameshaona, na aliyefutwa atakwenda kulalamika mahali ambapo huna kitufe.

Mwanamuziki wa Kanada, Dave Carroll, alisafiri na United Airlines mwezi Machi 2008 kutoka Halifax kwenda Omaha, kupitia Chicago. Gita lake likavunjwa katika ubebaji wa mizigo; kulitengeneza kulimgharimu dola 1,200. Alifuatilia kwa miezi tisa, akirushwa kutoka ofisi hii hadi ile, na mwisho akaambiwa hapana. Akatunga wimbo kuhusu gita lake na kuuweka YouTube mwezi Julai 2009. Ulitazamwa na mamilioni, na kampuni yenye ndege mamia ikajulikana duniani kwa gita moja. Gita lake lilivunjwa mara moja, lakini alikataliwa kusikilizwa kwa miezi tisa, na hayo ya pili ndiyo yaliyomfanya aimbe.

Jibu la lalamiko lina hatua tatu, na zinatosha. Jibu pale pale hadharani, kwa ufupi: pole, nimeona, nafuatilia sasa hivi. Peleka mengine inboksi, kwa sababu namba ya oda na anuani ya mtu si ya kila jicho. Likiisha, rudi hadharani useme limeisha vipi. Ukiwa umekosa, sema umekosa. Usimsingizie dereva wa bodaboda. Kama duka limefungwa, programu ya WhatsApp Business inaweza kutuma jibu la moja kwa moja. Litumie kumwambia mtu utafungua saa ngapi, kisha fungua saa hiyo.

Anayelipwa aseme

Siku hizi tunawapa wasanii na watu wenye wafuasi wengi fedha au bidhaa ili watusifie. Hiyo ni halali, kama kumlipa mpiga mbiu. Lakini mpiga mbiu alijulikana ni mpiga mbiu. Anayesema "mimi mwenyewe natumia sabuni hii" wakati amelipwa aseme hivyo, na sabuni hajaifungua, amewadanganya watu waliomwamini. Mwezi Oktoba 2022 Kim Kardashian alikubali kulipa dola milioni 1.26 kwa mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, kwa sababu alisifia sarafu ya kidijitali kwenye Instagram bila kueleza kwamba amelipwa dola 250,000. Kwa sabuni ya dukani, neno "tangazo" mwanzoni mwa maelezo linatosha. Liweke, na mtake unayemlipa aliweke. Bidhaa nzuri haipungui uzuri kwa kusema ukweli huo.

Siku ya msiba

Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, katikati ya maduka, watu wakiwa ndani. Uokoaji uliendelea kwa siku kadhaa, na wapo ambao hawakutoka wakiwa hai. Wafanyabiashara na wateja, watu wa mtaa ule ule tunaouzungumzia, walikuwa chini ya zege.

Mfanyabiashara wa leo anaweza kupanga matangazo ya wiki nzima mapema, yakajitoa yenyewe kwa saa alizochagua. Mashine haijui kwamba kuna msiba. Ofa ya Jumamosi itatoka, pamoja na vikaragosi vya kucheka, katikati ya picha za watu wanaowatafuta ndugu zao. Kwa hiyo kazi ya kwanza siku ya msiba ni kuzima yale uliyoyapanga.

Kibaya zaidi ni kuugeuza msiba kuwa tangazo. Mwezi Februari 2011, Wamisri wakiandamana barabarani Cairo, mbunifu wa mavazi wa Marekani Kenneth Cole aliandika kwenye Twitter kwamba ghasia zile zilitokana na habari za nguo zake mpya. Alifuta na kuomba radhi siku hiyo hiyo, lakini maneno yale yanatajwa hadi leo. Kwetu hatuhitaji mfano wa mbali ili kujua. Mtaani jirani akifiwa, mwenye redio anaizima. Hakuna aliyemwagiza. Zima redio yako.

Baada ya asubuhi ile ya grupu nilimwandikia yule dada wa Kariakoo. Sikumgombeza. Nilimwambia nguo zake nazipenda, lakini nilidhani nimefiwa. Alikaa kimya hadi jioni, kisha akalivunja grupu na kutuandikia mmoja mmoja kuomba radhi. Mimi nilipata ujumbe wangu saa mbili usiku, umeanza na "shikamoo". Chini yake aliuliza kama ningependa kujulishwa mzigo ukiingia. Nikajibu ndiyo, na nikaihifadhi namba yake.

Sasa anaweka picha kwenye stetasi, mchana, bei ikiwa imeandikwa. Wiki nyingine sifungui. Lakini sikukuu ikikaribia, au binti yangu akirefuka kuliko gauni lake, mimi ndiye ninayemwandikia kwanza: "Hodi, dada. Kuna chochote cha miaka tisa?" Naye hujibu, "Karibu."